Geji ya Petroli Ilisema Nusu

Gari lilizimika juu ya daraja la Nyali saa kumi na mbili kasoro robo jioni, nikitoka Kongowea kwenda Buxton. Halikukohoa wala kurukaruka. Lilipoteza nguvu polepole, likaserereka kidogo kwa mwendo uliobaki, likasimama njia ya kushoto, na matatu zikaanza kunipigia honi nyuma. Nilitazama geji ya petroli. Mshale ulikuwa umepita nusu. Basi petroli nikaitoa akilini. Nilifungua boneti, nikashikashika waya za plagi, nikafungua kifuniko cha distributa na kukipangusa kwa ncha ya leso, jua nalo linazama upande wa Tudor.

Walionitoa pale ni mahamali wawili waliokuwa wakirudi na mkokoteni mtupu kutoka sokoni. Walisukuma hadi mteremko ukatupokea, tukaegesha ng'ambo. Mmoja wao alifungua kifuniko cha tangi, akalitikisa gari kwa nyonga, akatega sikio. "Dadangu, humu mna upepo tu." Tukatafuta petroli lita mbili kwa mtungi. Gari likawaka kwa jaribio la tatu, na mshale wa geji haukusogea hata unywele. Ulikuwa palepale, umepita nusu.

Geji hiyo nilikuwa nimeinunua wiki tano kabla, mpya, ndani ya boksi lake.

Gari lenyewe ni Datsun 1200 ya 1972, ya milango minne, injini yake ile A12 yenye ujazo wa cc 1171. Namba yake haina herufi ya mwisho, ni zile namba za zamani. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, siku hizo akifanya kazi bandarini Kilindini. Watu wa rika lake walizipenda Datsun kwa sababu ya Safari Rally. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS, 1971 akashinda tena kwa 240Z, na 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, naye kwa 240Z. Baba akiyaeleza hayo huinua mkono wa kulia kama anayebadilisha gia. Macho yake yalipoanza kufifia alinikabidhi ufunguo mbele ya Mama, akaniambia, "Hili usiliuze, na usilitie vidude." Neno hilo la pili nimelivunja, lakini si kwa namna aliyoiogopa, na sasa ameridhia.

Dashibodi ya Datsun hii ina mambo machache: spidomita, geji ya petroli, geji ya joto la injini, na taa za kuonya, ya oili na ya chaji. Geji ya joto haina namba, ina herufi C upande mmoja na H upande wa pili. Mwaka uliopita geji zote mbili zilianza kupanda pamoja. Natoka nyumbani asubuhi, sijafika Makupa, petroli inaonyesha imejaa na kupita, joto nalo limebisha mlango wa H. Nikasimama kando mara ngapi, naingoja injini ipoe, na kumbe nikigusa hozi ya juu ya rejeta naona ni moto wa kawaida. Fundi mmoja alinibadilishia termostati, kile kilango kinachofungulia maji ya injini yakipata moto. Mwingine akaosha rejeta. Wa tatu alisema geji zimezeeka, nitafute nyingine. Huyo ndiye niliyemsikiliza, kwa kuwa kununua kitu kipya kulinivutia kuliko kuendelea kukisaka kilichoharibika.

Nilichagua kama mtu anayechagua saa ya mkono. Nilitaka duara, uso mweusi, maandishi meupe, pete ya fedha pembeni, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa geji za magari ya rally kwenye picha za Baba. Geji ya petroli niliipata katika duka la vifaa vya boti. Ilikuwa nzuri kweli: pete ya chuma kisichoshika kutu, nyuma imezibwa isipite unyevu. Nikajiambia, kama inastahimili bahari, itashindwaje na gari la Kisauni? Geji tatu nyingine, za oili, joto na volti, nilizipata mtumba zikiwa seti. Hakuna swali hata moja nililouliza isipokuwa bei.

Baada ya lile la darajani nilikwenda kwa Ami. Si ami yangu wa damu. Ni mzee wa umeme wa magari wa huko Mwembe Tayari, aliyewahi kufanya kazi na Baba, na kwetu mzee wa namna hiyo huitwa Ami. Siku hizi hashiki spana sana, mikono inamtetema, lakini ana testa yake ya kupimia umeme na kiti chake chini ya mwarobaini. Nilimwekea ile geji mkononi. Aliigeuza, akaitazama, akaniuliza:

"Mwanangu, huu ni uso. Tumbo liko wapi?"

Sikumwelewa.

"Lijualo njaa ni tumbo. Uso huambiwa tu."

Alichokuwa akisema ni hiki, na ndicho ambacho natamani ningekijua kabla ya kufungua pochi. Geji haipimi chochote. Kinachopima ni kile kifaa kilichoko kwenye tangi au kwenye injini. Cha tangi mafundi hukiita floti, vya injini huviita senda. Floti inapanda na kushuka na petroli, na kila inapokaa hubadilisha ukinzani wa umeme, ule unaopimwa kwa omu. Geji inasoma omu na kuzigeuza kuwa mshale. Zikiwa hazisemi lugha moja, mshale utasimama mahali fulani kwa kujiamini kabisa na hautakuwa na maana yoyote.

Ami alinifanya nilale kwenye gunia nyuma ya gari, nichomoe waya wa floti, niweke testa kwenye omu. Tangi lilikuwa karibu tupu. Testa ikasoma 81. Kisha tukaitoa floti, akaniambia niinue mkono wake hadi juu, kana kwamba tangi limejaa. Ikasoma 9. "Andika," akasema. Nikaandika nyuma ya risiti ya dukani. Halafu akaigeuza ile geji yangu nzuri na kunionyesha maandishi madogo mgongoni ambayo sikuwahi kuyatazama: 240-33.

Hicho ni kipimo cha Kimarekani, ndicho kinachotumika sana kwenye boti zao na kwenye geji nyingi za kubandika. Omu 240 ni tangi tupu, omu 33 ni tangi lililojaa, na nusu iko karibu na 100. Sasa floti ya Datsun ikiwa tupu inatoa 81. Kwa geji ile, 81 ni zaidi ya nusu. Ndiyo maana tangu siku niliyoifunga mshale haukuwahi kushuka chini ya nusu. Usingeweza kushuka. Ningekaa miaka kumi, usingeshuka. Na mimi katika wiki zile tano nilikuwa nikitia petroli ya shilingi elfu moja, nikiona mshale uko juu, nikifurahi kwamba gari la Baba halili sana.

Ami alinieleza vipimo vingine, na hivi navitaja kwa sababu mtu anayenunua geji atakutana navyo mgongoni mwa boksi. Za Ulaya, kama VDO ya Ujerumani, huenda omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Za General Motors za miaka mingi zilikuwa 0 tupu na 90 kujaa. Za Ford za zamani ni 73 tupu na 10 kujaa. Tazama upande unaokwenda: VDO na General Motors hupanda kadiri tangi linavyojaa, Ford hushuka. Datsun yangu inashuka pia. Ningenunua ya VDO bila floti yake, ningejaza petroli na kuona mshale unaelekea patupu. Ya Ford ndiyo ingekaribiana. Siku hizi zipo pia geji unazoweza kuzifundisha: unaziambia tangi tupu ni omu hizi, lililojaa ni hizi, nazo zinafuata. Ni njia nzuri kwa mwenye gari lisilo na ndugu. Na ipo njia ya kununua geji pamoja na floti yake na kubadilisha vyote, ila floti ya gari jingine lazima iingie kwenye tundu la tangi lako na mkono wake utoshe kina cha tangi, na hapo kazi huwa ndefu.

Nikamuuliza Ami, basi niagize ya kipimo cha Ford? Hakujibu. Aliuliza, "Zile za zamani zilikufa vipi?"

Nikamweleza: zilipanda zote mbili, siku moja, pamoja.

Alitulia. Kisha akasema jambo ambalo lilinitia uchungu, kwa sababu ya pesa na kwa sababu ya zile asubuhi nilizopoteza kando ya barabara. Geji ya petroli na geji ya joto za Datsun hii hula sahani moja. Kuna kidhibiti volti kidogo nyuma ya dashibodi kinachochukua umeme wa betri, unaopanda na kushuka, na kuutoa ukiwa umetulia karibu na volti 8 kwa geji zote mbili. Kikikwama, umeme wote wa betri unazifikia, nazo zinapanda zote. Magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo, yale yenye geji za Smiths, yana kitu hichohicho, lakini yao hutoa volti 10. Geji moja ikidanganya, shuku geji au senda yake. Zikidanganya mbili kwa pamoja na kuelekea upande mmoja, shuku kinachozilisha.

Tuliifungua dashibodi kesho yake. Testa ikaonyesha volti 13 na ushee mahali palipotakiwa kuwa 8. Kijana wa kutengeneza redio, jirani ya Ami, alitupa kidhibiti cha kisasa cha volti 8, kile cha miguu mitatu kinachofanana na mdudu mweusi, kwa shilingi 150. Tukakifunga kwenye bati ili kipoe, tukakiunga. Geji za zamani zikashuka mahali pake kama watoto walioitwa na mama yao. Petroli ikasema robo, na ilikuwa robo.

Kwa hivyo geji ya petroli ya Datsun ni ileile ya 1972, na sitaibadilisha. Tena nimeipenda zaidi baada ya kujua inavyofanya kazi. Ndani yake mna kipande cha metali mbili kilichozungushiwa waya. Umeme unakipasha, kinapinda, kinasukuma mshale. Kwa kuwa lazima kipate moto kwanza, mshale huchelewa, na uchelewaji huo ni neema: petroli ikicheza tangini kwenye raundiabauti au kwenye matuta, mshale haushtuki. Ile ya boti ilikuwa ikiruka kwenye kila tuta la Bamburi. Nilimuuzia mvuvi wa Mtwapa anayetumia injini ya boti, akaifunga na floti yake ya 240-33, na huko iko nyumbani kwake.

Zilizobaki ni zile tatu za mtumba, na hizo nilizihitaji kweli.

Ya oili nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonisumbua na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Taa nyekundu ya oili ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshashuka sana, chini ya 10 hivi kwa psi, kipimo cha presha. Ukiiona inawaka ukiwa barabarani, vyuma vimeanza kusagana. Geji hukuonyesha safari yote ya kushuka. Mafundi wana kanuni ya zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini. Si sheria ya kiwanda, ila ni kipimo kizuri cha kuanzia. Injini ya Datsun yetu ikishapata moto sawasawa na kunguruma bila kukanyagwa husoma 20, na barabarani hupita 45. Nikijua hivyo, siku ikisoma 12 nitajua kuna neno, hata kama taa imenyamaza. Kinachosaidia ni kulijua gari lako lenyewe siku likiwa zima, kabla halijaugua.

Senda ya oili ilifungwa na fundi kijana ambaye simtaji. Aliingiza, ikakubali mizunguko miwili, ikagoma. Akazungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, akaongeza nguvu ya spana, ikaingia. Siku ya tatu nikakuta duara jeusi kwenye sakafu ya baraza, na mshale wa oili unatetemeka kama jani. Ami alipoichomoa alitikisa kichwa. Tundu la oili la injini hii ya Kijapani lina hesi za BSPT, kipimo cha Kiingereza, za moja ya nane ya inchi. Senda niliyopewa na geji ile ilikuwa ya NPT ya moja ya nane, ya Kimarekani. Kwa macho ni mapacha. Lakini BSPT ina hesi 28 kwa inchi, NPT ina 27, na hata pembe ya meno haifanani, 55 kwa 60. Zitaanza kuingia, na hapo ndipo ubaya ulipo: zingekataa kabisa tungesalimika. Ukilazimisha, unatafuna hesi za injini yenyewe, na injini si kitu cha kununua dukani. Tulibahatika. Ami alizisafisha kwa kikata hesi cha BSPT, tukatia adapta ya shaba nyeupe, BSPT upande wa injini na NPT upande wa senda. Adapta ile ni ndogo kama punje ya mahindi na bei yake sikuihisi.

Tepu nayo ilikuwa na kosa lake. Senda ya waya mmoja hutegemea hesi zake kurudisha umeme kwenye injini. Ndiyo athi yake. Ukiivika tepu nene umeivika kizibo, ndiyo maana mshale ulitetemeka. Dawa ya maji ya kuzibia, kidogo, ukiacha hesi za mwanzo wazi, inatosha.

Jambo jingine la oili: tulitumia kipande cha T ili senda ya geji na swichi ya ile taa nyekundu zikae pamoja. Watu wengi hung'oa taa wakishapata geji. Usifanye hivyo. Geji unaitazama ukikumbuka, taa hukuita yenyewe. Na senda za geji ni nzito. Ikining'inia kwenye T ya shaba huku injini ikitikisika, siku moja T hukatika na oili yote humwagika. Yetu imefungwa kwenye ukuta wa injini kwa kibano, imeunganishwa na hozi fupi ya kustahimili presha, na kwa kuwa haigusi injini tena tumeipa waya wake wa athi.

Zipo geji za oili zisizotumia umeme, ambazo bomba jembamba huleta oili yenyewe hadi nyuma ya geji. Ni sahihi sana na zinasifiwa. Mimi sikutaka oili moto ya injini ipite karibu na magoti yangu na ya Mama. Wengine wanaamua vingine, nao wana haki.

Kwa joto nilifanya kinyume, nikachukua ya bomba. Ina tunguu la shaba linaloingia kwenye maji, na bomba refu kama uzi lenye etha ndani. Etha ikipata moto inasukuma mshale. Haitaki waya, haitaki athi, wala haijali volti. Bomba lake halikatwi na halikunjwi kwa pembe: likivunjika, geji imekufa, hakuna kuunga. Lililobaki refu tulilizungusha mviringo mpana na kulifunga nyuma ya kibao. Tunguu tuliliweka kwenye hozi ya juu ya rejeta kwa kipande cha alumini chenye tundu, ili senda ya asili ibaki mahali pake na geji ya C na H iendelee kuishi. Sasa nina namba. Termostati ya kawaida ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82, na Nissan, waliotengeneza Datsun, walikuwa na nyingine ya nyuzi 76.5 kwa nchi za joto kama yetu. Ya kwangu ni ya 82. Nikipanda Mazeras na mzigo, naona 90. Hapa tuko usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwa 100, na kizibo cha rejeta kikiwa kizima huyapeleka mbele kidogo kabla ya kuchemka. Lakini kizibo kikichoka, hayo ya mbele hayapo.

Na tafadhali kumbuka hili. Geji ya joto hupima maji. Hozi ikipasuka na maji yote yakamwagika, tunguu linabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Ukiona joto linashuka ghafla bila sababu, simama.

Volti sikuisumbukia. Kuna mtu alinipa bure ile ya ampea kutoka Land Rover kuukuu, nikaikataa kwa heshima. Ya ampea hupitisha ndani yake karibu umeme wote wa gari, kwa waya nene zinazoingia chini ya dashibodi na kutoka. Nati moja ikilegea, ni moto. Ya volti inaonja tu, kwa waya mwembamba wenye fyuzi. Asubuhi kabla ya kuwasha nataka 12.6, injini ikinguruma nataka kati ya 13.8 na 14.4. Na kwa Datsun hii ina faida ambayo sikuitarajia: mkanda mmoja tu ndio unaozungusha alteneta, pampu ya maji na feni. Mkanda ukikatika, volti huanguka papo hapo, kabla joto halijapanda. Ni ya kwanza kutoa habari.

Dashibodi haikutobolewa hata tundu moja. Seremala wa Mji wa Kale alinikatia kibao cha mvule, akatoboa matundu matatu ya milimita 52, ambayo ndiyo saizi ya geji nyingi ndogo, akaacha nafasi ya vidole viwili kati yake ili vibano vya nyuma viingie. Kibao kinaning'inia chini ya redio kwa skrubu zilizokuwepo tangu mwanzo. Siku ambayo mtu atataka gari la asili, dakika kumi zitatosha. Nilizizungusha geji zenyewe kwenye matundu, maandishi yakapinda kidogo, ili kila mshale ukiwa salama uelekee juu. Hila hiyo ni ya watu wa mashindano ya magari. Sisomi namba nikiendesha. Naona mishale mitatu imesimama wima, basi. Uliolala ndio ninaoutazama.

Chumvi ya hapa kwetu ni adui asiyelala. Nilikaa Nairobi miaka miwili na sikuwahi kuona waya ukigeuka kijani kwa mwezi mmoja. Kila kiungio tulikipaka grisi kabla ya kukaza, na athi zote za geji zimekusanywa kwa waya mmoja mnene hadi kwenye bati safi lililokwanguliwa rangi. Geji ya mtumba ya volti ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, nikaikausha juani siku nzima na kuzungusha silikoni pembeni. Hadi leo haijarudi.

Spidomita sijaigusa. Matairi ya inchi 12 yamekuwa adimu, nikaweka rimu za 13 na matairi ya 175/70, ambayo ni makubwa kuliko ya asili kwa asilimia 4 hivi. Maana yake ikisema 50 mimi niko 52. Nimelikariri hilo, limekwisha.

Vipimo vyote nimeviandika kwenye daftari la kurasa 48 linalokaa kwenye sanduku la dashibodi: omu za floti, tupu na kujaa, saizi za hesi, rangi ya kila waya na unakokwenda, psi za injini ikiwa nzima. Mali bila daftari huisha bila habari, Mama husema akihesabu mchele, na mimi nilikuwa nimeshaona petroli ikiisha bila habari.

Ijumaa iliyopita tulivuka Likoni na Baba, kwenda kumjulia hali shangazi. Foleni ya feri ilikuwa ndefu, jua la saa nane, injini inanguruma bila upepo. Nilimsomea kwa sababu namba ndogo hazioni tena. "Tisini na moja." "Tisini na nne." Ilipofika 96 nikazima. Baba akainama hadi pua ikakaribia kioo, akaona mshale bado unakwenda.

"Mbona yapanda, na gari umezima?"

Nikamwambia pampu imesimama na feni imesimama, moto uliokuwa kwenye chuma sasa unaingia kwenye maji, na hii geji ya bomba haihitaji ufunguo ndipo iseme. Ile ya C na H ilikuwa imelala, kwa kuwa umeme umekatwa. Mshale ulifika 99, ukakaa. Baba hakusema kitu. Aliweka kidole juu ya pete ya geji na kukiacha hapo mpaka magari ya mbele yakaanza kusogea. Niliwasha. Oili ikaruka hadi 40, volti ikapanda 14, na tulipokuwa tukishuka kuingia kwenye feri joto lilikuwa limerudi 89.

"Themanini na tisa," nikamwambia.

"Nimeiona," akasema.